Kijana wa Chuo Kikuu na Uofisa wa Jeshi

Maneno yetu ya leo yahusu swali liwapasalo wazazi wa Kagunga, Ujiji, Kigoma na po pote penye kijana anayekaribia kumaliza kidato cha sita. Kijana huyo akitaka kuwa ofisa wa jeshi, apite mlango gani? Tena, elimu ya Chuo Kikuu yamfaa nini mtu wa bunduki?

Tuanze na swali la pili, maana ndilo jepesi. Askari hufundishwa kutii amri. Ofisa hufundishwa kutii pia, lakini zaidi ya hayo hufundishwa kutoa amri, na kuwa na dhamana ya yote yatakayotokea kwa ajili ya amri ile. Hana budi kusoma ramani, kuandika habari fupi isiyo na mashaka, na kujua hesabu ya chakula, maji, dawa na vyombo vya safari.

Watu wa Kagunga wanajua thamani ya hesabu ya namna hiyo. Mwezi wa Mei mwaka 2015 wakimbizi makumi ya maelfu kutoka Burundi waliingia katika kijiji kile kilicho mpakani, wakabanwa kati ya milima na ziwa. Barabara ya kuwatoa haikuwapo. Njia ilikuwa maji tu. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba na vyombo vingine vikawa vyaenda na kurudi kuwachukua mpaka Kigoma. Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa ya jeshi. Nasema tufanye hesabu yake: meli ikichukua watu 600 kwa safari moja, na watu wanaongoja ni 30,000, hizo ni safari 50. Je, nani atangulie? Wagonjwa walazwe wapi? Wale watakaosafiri mwisho watakunywa maji gani siku hizo zote? Mambo kama hayo ndiyo ampasayo ofisa kuyafikiri kabla hayajamfika, nayo hayafikiriwi vema na mtu asiyezoea kufikiri.

Ndiyo sababu mataifa mengi yametafuta maofisa kati ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Huko Uingereza, vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hata 1902 vilionyesha upungufu mkubwa wa maofisa. Basi mwaka 1908 Waziri wa Vita, Bwana Haldane, alianzisha kikosi cha mafunzo ya maofisa chenye sehemu mbili, moja katika shule za sekondari na moja katika vyuo vikuu. Mwanafunzi aendelea na masomo yake ya sheria au udaktari. Jioni fulani na mwisho wa juma hujifunza gwaride, kulenga shabaha na kuongoza wenzake. Wakati wa likizo huenda kambini. Akimaliza masomo halazimishwi kuingia jeshini. Marekani nao waliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1916, ila huko mwanafunzi aliyelipiwa ada na jeshi hufungwa na ahadi ya kulitumikia miaka kadha wa kadha.

Yaani katika nchi hizo jeshi limemfuata mwanafunzi chuoni. Tanzania ilishika njia nyingine, ya kumtoa mwanafunzi chuoni na kumpeleka kambini, nayo ina historia inayofaa kusimuliwa.

Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mishahara zaidi, na walidai maofisa wa Kiingereza waondolewe na Waafrika washike mahali pao. Serikali iliaibika, maana ililazimika kuomba majeshi ya Uingereza yazime maasi yale. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, nalo liliwatafuta askari wake wapya hasa katika vijana wa chama cha TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, lililoanzishwa tarehe 10 Julai, 1963. Mkuu wa kwanza wa majeshi alikuwa Mrisho Sarakikya, aliyefunzwa uofisa huko Sandhurst, Uingereza.

Lakini hao vijana wa JKT wa kwanza walikuwa wa kujitolea, na wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Wasomi walikuwa mbali nao. Mwaka 1966 Serikali ikaleta shauri kwamba kila anayemaliza kidato cha sita au chuo atumikie miaka miwili: sehemu moja kambini, na sehemu iliyobaki katika kazi yake mwenyewe kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakasirika. Tarehe 22 Oktoba, 1966, waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya wasomi, mpaka wakafika mbele ya Rais Nyerere. Baadhi yao walichukua bango la kusema kwamba mambo yalikuwa afadhali wakati wa mkoloni.

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akakasirika kupita wao. Aliwaambia kwamba mishahara mikubwa, pamoja na wake mwenyewe, ndiyo chanzo cha ubaya ule, akatangaza pale pale kupunguza wake kwa asilimia 20. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata wengi wao walisamehewa.

Huenda wengine wataona kwamba adhabu ile ilikuwa kali mno, nami sina ugomvi nao: madai ya vijana juu ya mshahara hayakuwa ya kipumbavu yote. Lakini shauri lenyewe lilisimama. Tangu hapo msomi alilala katika hema moja na mtoto wa mkulima, akashika jembe lile lile, akaamshwa na filimbi ile ile. Mtu atakayetoa amri kesho ni vizuri aonje leo jinsi amri inavyopokewa. Mafunzo ya jioni chuoni hayawezi kumpa jambo hilo.

Katika njia hiyo walitoka watu wanaojulikana sana. Jakaya Kikwete alipata shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akafunzwa uofisa huko Monduli, na alipoacha jeshi mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, alikuwa Luteni Kanali. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Rais.

Sheria ile ya kwenda JKT ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 2013. Sasa vijana wa kidato cha sita huitwa kwa majina yao na kupangiwa makambi, kwa kawaida kwa miezi mitatu. Mkoa wa Kigoma una makambi kama Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Lakini kijana wa Kagunga asitazamie kukaa karibu na kwao, maana vijana hupelekwa hata mikoa ya mbali.

Miezi hiyo mitatu haimfanyi mtu kuwa ofisa, na hapa watu wengi hukosea. Ni mlango wa nje tu. Jeshi la Wananchi huandikisha vijana waliopita JKT, na kati yao huchagua watakaofunzwa uofisa, wakiwamo wenye shahada za udaktari, uhandisi na nyinginezo. Hao hupelekwa katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, nao huitwa maofisa wanafunzi. Atakayevumilia mpaka mwisho hutunukiwa kamisheni na Rais, aliye Amiri Jeshi Mkuu, akaanza kwa cheo cha Luteni Usu.

Tena siku hizi kuna jambo ambalo wazee wa mwaka 1966 wangelistaajabia. Chuo cha Monduli, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, kinafundisha shahada ya sayansi ya kijeshi, hata kijana aweza kupata nyota yake ya begani na shahada yake mahali pamoja. Yaani baada ya mwanafunzi kuifuata kambi miaka mingi, sasa elimu ya chuo nayo imeifuata kambi.