Kumtembelea Mjomba Wakati wa Tauni

Sisi Warega twajua kutembeleana. Njia ya Bukavu hata Shabunda ni tope na msitu, lakini habari ya msiba ikifika, mtoto wa dada hushika kikapu akaenda kwa mjomba wake. Asiyekwenda huonekana kama hana ukoo.

Twakumbuka mwezi wa Agosti 2019. Mama mmoja kijana alikuwa amekaribiana na mgonjwa wa Ebola huko Beni. Akasafiri na mtoto wake wa miezi saba hata Mwenga, kwa jirani zetu. Huko akafa, na mtoto akaonekana na ugonjwa ule ule. Mimi simhukumu, mwenye hofu hukimbilia kwao. Lakini Ebola yaweza kukaa mwilini hata siku 21 kabla ya kujionyesha. Askari wa njiani hawezi kuiona. Aliyemgusa mgonjwa ndiye ajuaye, naye ndiye apaswaye kusema: “Ningoje kwanza.”

Mwaka 2020 Korona ilikuwa na hila zaidi, maana mtu aliweza kuambukiza wengine kabla hajakohoa. Mwezi wa Machi Rais Tshisekedi alisimamisha ibada makanisani. Milango ya nyumba zetu, je, nani aliilinda? Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Basi, kumheshimu babu mwenye kifua kibovu kulikuwa ni kuacha mchele uani na kumsalimu kwa mbali. Babu alinung'unika, naam. Siku 14 zilipokwisha salama, mjukuu akaingia, wakala sombe pamoja, naye babu akaendelea kunung'unika.