Mtoto anayesinzia darasani si mvivu

Mwaka wa masomo uliopita tulikuwa na mtoto mmoja wa darasa la tatu aliyesinzia kila asubuhi. Alichelewa, aliketi nyuma, hakuuliza, hakujibu. Sisi walimu tulimsimamisha mlangoni kama adhabu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku moja mama anayemtunza hapa Butembo alikuja kutuambia ukweli: mtoto alikimbia na dada yake kutoka upande wa Eringeti, baba yao aliuawa shambani, na kila usiku anakaa macho akisikiliza mlango. Tuliona haya. Tulikuwa tunamwadhibu kwa usingizi alioukosa usiku.

Watoto kama huyo tunao wengi. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajakoma eneo la Beni. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2024 vita vilipofika Kanyabayonga, familia nyingine zikapanda kuja Butembo. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, na watoto hao wanaingia darasani. Lakini kuingia ni jambo moja, kujifunza ni jambo lingine. Akili inayolinda mlango usiku kucha haina nguvu ya kushika hesabu asubuhi. Mtoto anasahau somo la jana, anashtuka bati likigonga, au anapigana bila sababu.

Je, mtoto huyo amepotea? Hapana. Huko Hawaii, katika kisiwa cha Kauai, Emmy Werner na wenzake walifuata watoto waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Kati ya wale waliokulia katika umaskini na nyumba zenye matatizo mengi, mmoja kwa watatu alikuwa mtu mzima mwenye kujiamini na kujitegemea. Jambo moja lilirudi mara nyingi katika maisha yao: kulikuwa na mtu mzima aliyewashikilia bila kuwaacha. Alikuwa bibi, shangazi, jirani au mwalimu.

Sisi tuliyaona hayo wenyewe wakati wa Ebola. Karibu na vituo vya matibabu, Beni na Butembo, UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Walezi walikuwa watu waliopona, tuliowaita washindi. Kwa kuwa walikwisha kupona, waliweza kubeba watoto ambao wengine waliogopa kuwagusa. Wamama hao waliwalisha, waliwaimbia, waliwalaza. Baadhi yao walikuwa wamefiwa wenyewe.

Basi, kila mmoja wetu afanye nini?

Kwanza, mama, mwambie mwalimu. Si lazima kueleza yote. Sema tu: "Mtoto huyu ameona mambo mabaya, halali usiku." Hapo tutajua namna ya kumpokea.

Pili, mpe mtoto saa zisizobadilika: saa ya kula, saa ya daftari, saa ya kulala, na mtu wa kulala karibu naye. Hata kama ni bugali na sombe kila siku, kujua kwamba chakula kitakuja kunamtuliza.

Tatu, tuache kumwita "kichwa kigumu" au "mtoto wa wakimbizi." Aitwe jina lake.

Nne, vikundi vyenye AVEC vitazame sanduku la msaada. Daftari na kalamu vinaweza kutoka hapo. Na mama anayepokea watoto wa wengine asiachwe peke yake: jirani amchukulie watoto alasiri moja apumzike.

Mtoto akiendelea kukataa chakula, akinyamaza kabisa au akisema anataka kufa, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya.

Yule mtoto wetu tulimketisha mbele, tukamsalimu kila asubuhi kwa Kinande, tukampa kazi ya kufuta ubao. Nyumbani, dada yake akaanza kulala upande wa mlango. Mwisho wa mwaka alipata asilimia 54. Wengine watasema ni kidogo. Sisi tulipiga makofi.

Wiki hii, katika mkutano wa kikundi, kila mama ataje mtoto mmoja wa mtaa wake ambaye hana mtu wa kumwuliza, "Leo mmesoma nini?" Halafu aanze kumwuliza yeye.