Plagi Inayowaka Mkononi na Kugoma Mlimani

Pikapu ya petroli inaweza kunguruma vizuri kabisa ikiwa imeegeshwa uani Walukuba, mjini Jinja nchini Uganda, kisha ikaanza kumisi mara tu inapobebeshwa magunia na kuelekezwa Mbale. Barabara ikiwa tambarare inatulia. Ikikutana na kilima inakatakata, inaishiwa nguvu, inanuka petroli. Fundi wa kando ya barabara anafungua plagi moja, anairudishia waya wake, anaigusisha kwenye chuma cha injini na kumwambia mwenzake apige stata. Cheche ya buluu inaruka. "Nzima hii, mzee," anasema, na lawama zote zinahamia kwenye kabureta.

Kipimo hicho ndicho kinachopoteza watu. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke pengo zinategemea upana wa pengo lenyewe ukizidishwa kwa shinikizo la gesi iliyomo. Plagi ikiwa mkononi, pengo lake la milimita 0.8 limejaa hewa hii tunayovuta, na volti 3,000 hivi zinatosha kulivuka. Ikirudi kwenye silinda, pistoni imeshabana hewa na petroli mara nane au tisa, na sasa zinatakiwa volti 10,000, pengine 15,000 na zaidi. Koili iliyochoka au waya uliopasuka mpira huweza kutoa zile za kwanza na kushindwa kabisa kutoa hizi za pili. Isitoshe, kurusha cheche za mkono karibu na mvuke wa petroli ni kutafuta moto.

Mlima nao unaeleweka kwa hesabu hiyo hiyo. Injini isipokuwa na mzigo huvuta hewa kidogo tu, shinikizo ndani ya silinda linakuwa dogo na cheche inaruka kwa urahisi. Dereva akikanyaga mafuta kupandisha mzigo, silinda inajaa, shinikizo linapanda, na plagi iliyolika inaumbuka. Maana kila cheche hung'oa chembe za chuma kwenye ncha. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 25 kwa sekunde kutoka kila plagi. Kwa safari ya saa mbili na nusu ya Jinja hadi Mbale, kila moja imeruka zaidi ya mara 200,000. Safari zikirundikana, pengo la 0.8 linafika 1.2 mwenye gari asijue.

Kabla ya kushika spana, hakikisha pikapu yako ni ya petroli. Nyingi zinazobeba mizigo huku ni za dizeli, na hizo hazina plagi za cheche: hewa hubanwa mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Vijiti vinavyofanana na plagi kwenye injini hizo ni vya kupasha moto asubuhi tu.

Mtaa wa Walukuba ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, Jinja ilipokuwa ikijazwa viwanda vya kutumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Vingi vya viwanda hivyo vilikuja kunyamaza, lakini ukipita uani jioni bado utaona boneti zimeinuliwa. Kazi ya kubadilisha plagi inafaa hasa kufanyiwa nyumbani, kwa sababu inataka kitu ambacho gereji haina: subira ya kuacha injini ipoe. Silinda hedi nyingi ni za alumini, na alumini ikiwa ya moto inalegea. Plagi ya chuma ikilazimishwa wakati huo hutoka na nyuzi za hedi, na hasara yake haifanani kabisa na bei ya plagi nne.

Injini ikishapoa, zipe waya namba kabla ya kuzichomoa. Injini nyingi za silinda nne, za Toyota zikiwemo, huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana nafasi gari halitawaka au litapiga makombora. Shika kofia ya waya, si waya. Kisha chukua pampu ya baiskeli upulize lile shimo la plagi, kwa kuwa vumbi jekundu la barabara za Busoga limejaa humo, na likidondoka ndani ya silinda linasaga kuta zake.

Plagi nne zikishatoka zipange kwa namba zake juu ya kipande cha boksi, wala usiwe na haraka ya kuzitupa. Hapa ndipo pana utamu wa kazi yote. Kauri inayozunguka ncha ya kati ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini inachoma vizuri. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Weusi unaong'aa kwa unyevu ni oili, na hapo plagi mpya hazitatibu ringi zilizokwisha. Weupe wenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Wekundu kama kutu mara nyingi hutokana na viungo vya chuma au manganizi vinavyotiwa kwenye petroli kuiongezea oktani. Linganisha pia: zote nne zikiwa nyeusi, tazama chujio la hewa na kabureta, moja tu ikiwa nyeusi, kisa kiko kwenye silinda hiyo.

Safari nazo zinajionyesha. Masizi hupitisha umeme, na huungua yenyewe pale tu ncha ya plagi inapofika nyuzi joto 500 hivi. Pikapu inayotoka ufukoni Masese na samaki, ikaingia mjini na kuzimwa, haifiki joto hilo, hivyo plagi zake huwa nyeusi hata kama injini haina kasoro. Ile ya kwenda Mbale hujisafisha njiani. Lakini ikiendelea kupanda mpaka Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, inakutana na jambo jingine: Jinja, kwenye mita 1,100 na ushee, hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko Mombasa, na Kapchorwa upungufu unakaribia moja ya tano. Cheche inaruka kirahisi zaidi huko, ila kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi hicho hicho, na weusi unarudi. Injini zenye sensa za hewa hujirekebisha zenyewe.

Dukani, namba iliyoandikwa kwenye kauri ina maana kuliko rangi ya boksi. Kwa NGK na Denso, namba inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyopoteza joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume chake, na wauzaji wengi hawalijui hilo. Fuata namba ya kitabu cha gari. Plagi bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo kagua: nyuzi zilizokatwa ovyo, maandishi yanayofutika kwa kidole, pengo lililopinda upande.

Pima kila pengo kwa fila, kile kibati cha kupimia nafasi, hata kama plagi ni mpya, na ukirekebisha pinda ncha ya nje peke yake. Pengo jembamba mno nalo ni baya, kwani chuma kilicho karibu hunyonya joto la mwali mchanga ukazimika kabla ya kusambaa. Kuzisugua zilizochakaa kwa msasa kunaweza kukufikisha nyumbani kama ni za nikeli. Za iridiamu usiziguse, ncha yake nyembamba itavunjika.

Kuzifunga anza kwa mkono. Kipande cha mpira wa petroli kikivalishwa kichwani mwa plagi huishusha kwenye shimo refu, na ikipinda kitateleza badala ya kuharibu nyuzi. Plagi mpya yenye wosha ikigota, iongeze nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana. Ile isiyo na wosha, yenye kitako cha pia, moja ya kumi na sita tu.

Ikiendelea kumisi mlimani hata baada ya hapo, injini ikishapoa hamisha plagi ya silinda inayomisi uipeleke kwa jirani yake. Ugonjwa ukihama nayo, umeuziwa plagi mbovu. Ukibaki palepale, badilisha waya.