Sindano ya Esansi Ikidanganya, Usiwashe Kiberiti

Ndugu mfanyakazi, motokari yako ya zamani inaonyesha nusu tangi, kisha inazimika katikati ya mlima wa Bagira. Fanya nini?

Kwanza, isimamishe mahali tambarare, utazame sindano tena. Kwenye mteremko esansi huegemea upande mmoja wa tangi, na sindano hudanganya.

Ikiendelea kudanganya, mwite fundi. Ndani ya tangi mna boya lenye mkono, na waya wake unafika kwenye sindano. Mara nyingi boya limetoboka, au waya wa masi umeshika kutu. Asafishe masi kwanza.

Usimulike tangi kwa kiberiti! Mvuke wa esansi hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye moto wa mbali.

Usinyonye esansi kwa mpira. Aliyemeza asitapishwe wala asipewe maziwa: ikiingia mapafuni yaweza kuua. Akikohoa tu, mpeleke kwa muganga mara moja.

Hata kabla ya fundi kufika, unayo dawa: kila ukijaza tangi, andika kilometa katika daftari. Hesabu hiyo haiwashi moto.