Masale na Ukuta: Kuishi Kandokando ya Jiji la Arusha

Alfajiri, njia inayoshuka kutoka Ilboru kuja Mianzini huwa na misafara miwili. Mmoja ni wa akina mama wanaotembea kwa miguu wakitoka Olgilai na Sambasha, na madumu ya maziwa, mikungu ya ndizi na mafungu ya mnafu uliochumwa jana jioni, wakiwahi Soko Kuu au Kilombero. Mwingine ni wa magari na vifodi: mwalimu, karani wa benki, mwongoza watalii, mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Misafara hiyo ni ya majirani, na zaidi ya majirani, kwa sababu mara nyingi kiwanja alichojenga karani kimekatwa kwenye migomba ya mmoja wa akina mama hao. Pembezoni mwa Arusha hakuna aliyehamia porini. Kila nyumba mpya imesimama katika shamba la mtu, na mtu huyo bado yupo, anaishi nyumba ya pili.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Watu hao wamejaza Olasiti, Muriet na Moshono, wakavuka mipaka ya Jiji hadi Kiranyi na Ngaramtoni upande wa magharibi, Tengeru na Usa River upande wa mashariki. Ukitaka kuelewa namna wanavyoishi na wenyeji wao, anza na ardhi, maana mlimani Meru ardhi ndiyo inayotangulia mazungumzo yote.

Waarusha walifika kwenye miteremko ya kusini magharibi ya mlima katika miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini, kusini ya Moshi. Wanazungumza Kimaa kama Wamasai, lakini walishika jembe na kupanda migomba. Wameru, ambao lugha yao iko karibu na Kichagga cha Machame, walikuwa wamekwisha kukaa upande wa kusini mashariki. Wajerumani walipojenga boma lao la Arusha kuanzia mwisho wa karne ya 19, mashamba ya walowezi yalifuata na kuchukua ardhi ya chini. Juu kukawa na msitu wa hifadhi, chini mashamba makubwa, na wenyeji wakabanwa katikati. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha madai yao Umoja wa Mataifa. Mgeni anayeshangaa kwa nini mzee wa Akeri au Poli anamtazama kwa mashaka mtu mwenye kamba ya kupimia akumbuke mwaka huo.

Kwa desturi, baba huligawa shamba kwa kufuata nyumba za wake zake: kila mama na eneo lake, na watoto wake wa kiume hurithi sehemu ya mama yao. Mtoto wa mwisho hubaki na boma la wazazi na kuwatunza. Utaratibu huo ulifaa wakati kijana aliyekosa nafasi angeweza kushuka tambarare kutafuta ardhi mpya. Leo huko tambarare ni mjini. Kijana anarithi kipande ambacho hakiwezi kumlisha yeye na watoto, akikiuza anapata pikipiki na mabati ya nyumba. Sithubutu kumlaumu. Lakini shamba likishauzwa, hakuna atakachomgawia mwanawe.

Uuzaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mnunuzi anakuja na wazo la mita ishirini kwa ishirini. Mwenyeji anakuja na watu: kaka zake, mzee wa ukoo, majirani wa pande zote nne, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji mwenye muhuri. Wanatembea mpaka mzima, na katika kutembea huko ndiko mambo yanakojulikana. Huu mfereji hauzibwi, unapeleka maji kwa watu wa chini. Hii njia ni ya ng'ombe na ya watoto wa shule. Pale kwenye migomba mitatu amelala babu. Mpaka wenyewe ni mstari wa masale, na hayo masale si ua tu. Kwa Wameru, kama kwa Wachagga, aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba msamaha, na ni aibu kubwa kulikataa. Mmea uleule unaopatanisha watu ndio unaowatenganishia mashamba, kwa hiyo anayeusogeza usiku amewakosea walio hai na waliolala humo.

Kisha huja ukuta. Mnunuzi ana sababu zake, wizi upo, na nyumba ameijenga kwa mkopo. Lakini tofali za ukuta zinapopanda juu ya mstari wa masale, mara nyingi njia ya ng'ombe huzibwa na mfereji hugeuzwa. Masika yakifika, maji yaliyokuwa yakinywewa na migomba yanakosa pa kwenda, yanashuka barabarani na kuingia kwa walio bondeni. Ugomvi mwingi ninaoufahamu kati ya wenyeji na wahamiaji umeanzia kwenye maji na njia, kabila halikuhusika. Na mwingi umemalizwa bila mahakama. Waarusha wana marika yao na malaigwanani wanaoyasemea, na kikao cha wazee kinaweza kumwita hata asiye wa rika lolote, kikamsikiliza, kikamtaka afungue tundu la maji chini ya ukuta. Anayeitikia mwito huo amepata majirani.

Sheria nayo imejikunja hapa. Ukiwa ndani ya Jiji unaishi katika mtaa, na ardhi yako iko chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Ukivuka korongo na kuingia kijiji cha Halmashauri ya Arusha au ya Meru, inakukuta Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, yenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Wapo wanaofanya kazi mjini miaka yote na kumbe nyumbani kwao ni wanakijiji, wana haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza mapato ya kijiji yamekwenda wapi. Wachache huhudhuria. Hilo linanisikitisha kuliko ukuta wowote.

Wanachokijua wote ni salamu. Mtoto wa Kiarusha akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Watoto wa wahamiaji huiga haraka, pengine ndani ya muhula mmoja wa shule. Wazazi wao huchelewa, lakini nao hufika. Nimemsikia mama wa Kinyaturu, mwenye duka Kiranyi, akimsalimu bibi jirani yake kwa ufasaha:

"Takwenya, yeyo."

"Iko, mwanangu. Mmeamkaje? Yule mdogo homa imeshuka?"

"Imeshuka, yeyo. Amekunywa uji."

Na bibi akaacha chupa ya maziwa juu ya meza, bila kutaja bei.

Msiba ndio unaompima mhamiaji. Waarusha na Wameru huzika nyumbani, kwenye migomba. Habari ikitoka, turubai linafungwa, masufuria ya mtaa yanaletwa, daftari la michango linafunguliwa, na kila boma linajulikana limeleta nini, iwe kuni, sukari au mikono ya kupika. Mwenye geti anayetuma pesa kwa simu na kubaki ndani ameshiriki nusu. Siku akifiwa yeye, watu watakuja, kwa kuwa ni desturi kuja, lakini hawatakesha.

Desemba hugeuza mambo. Wachagga, ambao ni wengi katika nyumba mpya, hufunga mageti na kushika barabara ya Moshi kwenda kula sikukuu kwao, na nyumba hubaki na mlinzi. Kwa Waarusha ndio msimu wa tohara: nyimbo usiku, nyama, vijana waliovaa nguo nyeusi wakitembea makundi kando ya barabara ya lami. Wakati ambapo mtaa ungeweza kujuana vizuri kuliko wakati wowote, nusu yake haipo.

Kinachorudisha nusu hizo pamoja ni Jumapili, kwenye sharika za Kilutheri zilizotapakaa mlimani. Ibada ikiisha hakuna anayekimbilia nyumbani. Nje, mzee wa kanisa anainua sadaka za mazao moja moja: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei la mayai, lita mbili za maziwa mgando. "Elfu saba ya kwanza! Elfu saba ya pili!" Mwongoza watalii anapandisha hadi elfu kumi, anashinda, kisha anaurudisha mkungu unadiwe tena. Wa pili anaununua na kumpelekea mjane aliyekaa kivulini. Ndizi hizo zilitoka katika shamba lililopakana na ukuta wa mwongoza watalii, na aliyezitoa anasimama pale akishangilia. Sijaona kikao cha maendeleo kinachowakutanisha watu hawa kwa furaha kama hiyo.

Mabadiliko makubwa zaidi yanakuja kwa wanawake. Kwa desturi binti harithi shamba la baba. Sheria za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na wanaoitumia haki hiyo ni pamoja na hao wanaoshuka alfajiri na madumu. Fedha ya maziwa inaingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mzunguko unafika, na mama ananunua kiwanja kwa jina lake, mbali na mlima, huko Kisongo ambako migomba haioti na bei bado inafikika. Huko yeye ndiye mgeni. Anatembea mpaka pamoja na wazee wa Kimasai, anaonyeshwa njia ya ng'ombe waendao mnadani, naye, kwa kuwa anajua njia ya ng'ombe ni kitu gani, anaomba ipimwe nje ya kiwanja chake.