Mtumiaji wa Kawaida Mipakani mwa Mfumo Endeshi: Uzoefu wa Ubuntu na Hali ya Kiolesura cha Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtu anapowasha kompyuta hakusudii kutumia mfumo endeshi. Hukusudia kuandika barua, kuchapisha fomu, kusoma hati aliyotumiwa au kuingia mtandaoni, na mfumo endeshi humdhihirikia pale tu mojawapo ya mambo hayo linapokwama. Makala haya yanafafanua uzoefu wa watumiaji wa kawaida wa Ubuntu, ambao ni miongoni mwa mifumo endeshi ya kompyuta za mezani na mpakato iliyojengwa juu ya Linux. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya usumbufu wa watumiaji hao haitokani na utendaji wa ndani wa mfumo, bali hutokea mipakani mwake: unapokutana na kifaa, na hati ya mtu mwingine, na uamuzi wa wasanifu walio mbali, na lugha ya anayeutumia. Mpaka huo wa mwisho ndio unaopewa nafasi kubwa zaidi hapa, kwa kuwa unamgusa mzungumzaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee.

Istilahi "mtumiaji wa kawaida" imetumika kwa maana ya mtu asiyeandika programu wala kuajiriwa kusimamia kompyuta za wengine. Haimaanishi mtu asiyejua kompyuta. Karani aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 20, anayejua kupanga majedwali na kuandaa barua mia moja kutokana na orodha moja ya anwani, ni mtumiaji wa kawaida, ingawa ustadi wake katika kazi hiyo unaweza kumshinda mhandisi wa programu.

Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kikaunganishwa na zana za mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004. Lilijengwa juu ya Debian na kugharimiwa na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, kupitia kampuni ya Canonical. Jina lenyewe linatokana na lugha za Kinguni, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa, kwani mzizi wake ndio ule ule ulio katika neno "utu". Matoleo mapya hutoka kwa kawaida kila Aprili na Oktoba, na moja kati yake kila baada ya miaka miwili hudumishwa kwa muda mrefu zaidi. Ratiba hii ni muhimu kwa hoja itakayofuata kuhusu lugha.

2.0 Kifaa na Hati

Tatizo lililowasumbua watumiaji wengi katika miaka ya mwanzo lilikuwa waifai. Ili kadi ya waifai ifanye kazi, mfumo endeshi unahitaji draiva, na mara nyingi kadi yenyewe huhitaji programu ndogo ya kupakiwa ndani yake kila inapowashwa. Baadhi ya watengenezaji, akiwemo Broadcom, hawakutoa maelezo ya kiufundi ya vifaa vyao wala ruhusa ya kusambaza programu hiyo pamoja na mifumo huria. Matokeo yake yalikuwa kinaya kinachokumbukwa na wengi: programu ya kuwezesha waifai ilipaswa kupakuliwa kutoka kwenye intaneti ambayo mtumiaji alikuwa bado hajaipata. Aliyekuwa na waya wa mtandao alivuka kikwazo hicho kwa dakika chache. Asiyekuwa nao alihitimisha kwamba "Ubuntu haishiki mtandao", na kwa upande wake hitimisho hilo lilikuwa sahihi kabisa. Mtumiaji hana namna ya kuona kwamba aliyefunga mlango ni mtengenezaji wa kadi na si mwandishi wa mfumo.

Wasanifu walilitambua hilo. Tangu toleo la 6.06 la mwaka 2006, diski moja ilimwezesha mtumiaji kuujaribu mfumo bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta, kisha kuusakinisha akiridhika. Hivyo hitilafu ya waifai, sauti au printa iliweza kugunduliwa kabla ya uamuzi.

Mpaka wa hati ni mgumu zaidi kwa sababu hauna dalili mapema. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa LibreOffice haoni kasoro yoyote kwenye skrini yake. Kasoro huonekana anapomtumia msimamizi wake aliye na Microsoft Word: kurasa zimesogea, jedwali limekatika katikati na namba za yaliyomo hazilingani na kurasa. Chanzo kimojawapo ni fonti. Fonti kama Calibri na Times New Roman zina leseni zinazozuia kuzijumuisha moja kwa moja katika mfumo huria, kwa hiyo huwekwa mbadala wake. Fonti za Liberation zilisanifiwa ili upana wa kila herufi ulingane na ule wa Times New Roman, Arial na Courier New, na Carlito ikafanya hivyo kwa Calibri. Upana ukilingana, mistari hukatika mahali pale pale. Fonti iliyotumika isipokuwa na mbadala wa aina hiyo, hati yote husogea.

Jambo la kuzingatia hapa ni nani anayelaumiwa. Mifumo yote miwili imefuata kanuni zake, lakini kwa kuwa wapokeaji wengi wanatumia Word, muonekano wa Word huchukuliwa kuwa ndio muonekano wa kweli wa hati, na mtumiaji wa Ubuntu huonekana amevuruga kazi. Jiji la Munich nchini Ujerumani lilikutana na hali hiyo kwa kiwango kikubwa. Baraza la jiji liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na hadi mradi ulipokamilika mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zinatumia mfumo ulioitwa LiMux, ambao katika hatua za baadaye ulijengwa juu ya Ubuntu. Mwaka 2017 baraza lilipiga kura ya kurudi Windows. Siasa za jiji zilikuwa na sehemu yake katika uamuzi huo, lakini kubadilishana hati na taasisi za nje kulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa. Tathmini inayouliza tu kama mfumo "ni mgumu" haiwezi kulibaini tatizo hili, kwani karani akiandika hati na kuichapisha mwenyewe atasema mfumo ni mwepesi.

3.0 Uamuzi Ulio Mbali

Mtumiaji akishazoea, hubaki mpaka wa tatu, yaani mabadiliko asiyoyaomba. Katika toleo la 10.04 vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha vilihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka 2011, toleo la 11.04 lilileta kiolesura kipya cha Unity kikichukua nafasi ya muonekano wa GNOME uliozoeleka, na mwaka 2017, katika toleo la 17.10, Unity ikaachwa na GNOME ikarudishwa. Kati ya hayo kulikuwa na lililozua ubishi mkubwa zaidi: toleo la 12.10 la mwaka 2012 lilituma maneno ambayo mtumiaji aliyatafuta ndani ya kompyuta yake kwenye seva za Canonical, na bidhaa za Amazon zikaonekana kati ya majibu. Stallman aliulaani utaratibu huo hadharani. Uliweza kuzimwa, na tangu toleo la 16.04 ukawa umezimwa tangu mwanzo, lakini mtumiaji wa kawaida ndiye mwenye uwezekano mdogo zaidi wa kujua kwamba kuna kitu cha kuzima.

Kwa Afrika Mashariki, uamuzi wa mbali una bei inayohesabika. Kati ya mwaka 2005 na 2011 Canonical ilituma diski za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, na mfumo mzima ulitosha kwenye diski ya megabaiti 700. Faili la usakinishaji la toleo la 24.04 linazidi gigabaiti 5. Anayetegemea bando la simu hulipia kila megabaiti ya mfumo unaoitwa wa bure, na si ajabu akizima masasisho, yakiwemo ya usalama.

4.0 Lugha

Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice yenye kiolesura cha Kiswahili. Hatua hiyo ilionyesha faida ambayo programu huria inayo katika suala la lugha: haikuhitaji kusubiri kampuni iamue kama soko la Kiswahili linalipa. Hata hivyo, mtumiaji anayechagua Kiswahili katika Ubuntu hukutana na kiolesura mchanganyiko, ambamo menyu husema "Hariri" na ujumbe unaofuata husema jambo kwa Kiingereza. Mchanganyiko huo una sababu za kiufundi zinazoeleweka.

Programu nyingi za Ubuntu hutafsiriwa kwa utaratibu uitwao gettext. Ndani ya programu kuna sentensi za Kiingereza, na kando yake kuna faili la tafsiri ambamo kila sentensi ya Kiingereza imeoanishwa na mwenzake wa Kiswahili. Programu inapotaka kuonyesha sentensi, hutafuta mwenzake humo, na isipompata huonyesha Kiingereza. Sasa mwandishi wa programu akirekebisha sentensi yake, hata kwa kuongeza neno moja, tafsiri ya zamani huwekewa alama ya shaka, na kwa kawaida tafsiri yenye alama hiyo haitumiki hadi mtu aihakiki. Maana yake ni kwamba tafsiri iliyokamilika mwaka mmoja hupungua mwaka unaofuata bila mtu yeyote kufuta neno. Mfumo unaotoa toleo jipya kila baada ya miezi sita humomonyoa tafsiri kwa kasi hiyo hiyo. Lugha yenye wahakiki wa kudumu hailihisi jambo hili. Lugha iliyotafsiriwa kwa mradi wenye tarehe ya mwisho hulihisi mara fedha zinapokwisha.

Mmomonyoko huo hauna usawa. Maneno mafupi ya menyu hubadilika mara chache, hivyo hudumu. Ujumbe wa hitilafu ni mrefu, huandikwa upya mara kwa mara, na mfasiri anaweza asiuone hata siku moja kwenye skrini yake. Kiswahili kwa hiyo hupatikana pale mtumiaji anapokisia maana kwa mazoea, na hukosekana pale diski inapojaa au sasisho linapokatika katikati. Hata ujumbe huo ukitafsiriwa, akiunakili ili kutafuta msaada mtandaoni hupata majibu machache kuliko ambavyo angepata kwa Kiingereza. Anayeamua kuacha kiolesura cha Kiingereza hajaidharau lugha yake; amepima mahali msaada ulipo.

Uandishi wenyewe una adha nyingine. Kikagua tahajia kilichowekwa katika Kiingereza hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili ipo katika LibreOffice, lakini kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba viambishi vya nafsi, njeo, yambwa na unyambulishaji, na maumbo yanayowezekana ni mengi kuliko orodha yoyote ya maneno. Bila kanuni za viambishi zilizokamilika, umbo kama "walivyotuandikishia" huweza kuhukumiwa kuwa kosa. Mwandishi hujifunza kuipuuza mistari myekundu, na pamoja nayo huyapuuza makosa halisi.

Tatizo la kina zaidi ni la upatanisho wa kisarufi. Sentensi nyingi za programu huwa na nafasi iliyoachwa wazi, ambamo jina la kitu huwekwa baadaye, kama katika "… imefutwa". Kiingereza hakibadiliki kwa kitu chochote kinachoingia hapo. Kwa Kiswahili, folda imefutwa, faili limefutwa, kifaa kimefutwa na mtumiaji amefutwa, huku watumiaji wengine wakisema faili "imefutwa" kwa kuliweka neno hilo katika ngeli nyingine. Utaratibu wa gettext huruhusu lugha kutofautisha umoja na wingi, kwa kuwa tofauti hiyo ilijulikana kwa walioubuni. Haukupewa nafasi ya ngeli. Katika idadi, tarakimu huficha sehemu ya tatizo, kwani "mafaili 2" haimlazimu mfasiri kuchagua kati ya "mawili" na "mbili", lakini kitenzi kinachofuata humfichua.

Wafasiri wana njia ya kukwepa. Badala ya kukiacha kitenzi kipatane na kitu kisichojulikana, huweka jina la tendo lenyewe kuwa kiima: "Ufutaji wa … umekamilika". Upatanisho hutulia, kwa sababu sasa "umekamilika" hufuata "ufutaji" na si kitu kilichofutwa. Sentensi ni sanifu, ingawa hakuna mtu anayezungumza hivyo nyumbani. Tena ni ndefu kuliko ile ya Kiingereza ambayo kisanduku chake kilipimwa kwayo, na jina la faili likiwa refu mtumiaji huweza kuona "Ufutaji wa ripoti ya mwezi wa…", na kitenzi, ambacho ndicho kingemwambia kama kazi imefanyika, kimebaki nje ya dirisha.