Santuri Zilizobaki Makabatini

Machi 1928 Siti binti Saad aliondoka Unguja kwa meli kwenda Bombay. Safarini alikuwa na wenzake wa kikundi: Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar mpiga udi, Mbaruk Talsam mpiga fidla na Buda bin Mwendo. Kampuni ya HMV, ile ya nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilikuwa imewaita wakaimbe mbele ya mitambo ya kurekodi. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyekulia katika familia ya watumwa na kuzunguka mitaani akiuza vyungu, anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri.

Sahani zile zilipofika madukani zilinunuliwa kwa pupa. HMV iliwaita tena kurekodi, na haukupita muda mrefu kampuni za Columbia na Odeon nazo zikaja pwani kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Kabla ya hapo mtu wa Unguja aliyemiliki gramafoni alisikiliza zaidi nyimbo za Misri na za Bara Hindi. Sasa alimsikia jirani yake akiimba kwa lugha ya nyumbani, akizungumzia mambo ya mtaani, kesi za mahakamani na dhuluma za wakubwa.

Kwa mkazi wa Mlandege wa leo, anayepita kila siku baina ya maduka ya nguo na ya simu, habari hii ni ya hapo hapo alipo. Mlandege ni sehemu ya Ng'ambo, upande wa pili wa uliokuwa mkono wa bahari wa Pwani Ndogo, ambako waliishi wafanyakazi, wachukuzi, mafundi na wachuuzi. Huko ndiko Siti alikokuwa na hadhira yake kubwa. Si kila nyumba iliyokuwa na mashine, kwa hiyo santuri moja ilisikilizwa na wengi. Mwenye mkahawa aliweka gramafoni yake, wateja wakakaa na vikombe vya kahawa, na waliokosa nafasi wakasikilizia barazani.

Santuri za wakati ule hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, gundi inayotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti ya Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe. Sahani ikawa ngumu na nzito, lakini ikianguka sakafuni inavunjika vipande vipande. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua muziki wa dakika tatu hivi. Wimbo wa taarabu, ambao ukumbini huweza kuendelea kadiri watu wanavyotunza, ulilazimika kufupishwa au kugawanywa pande mbili. Kwa hiyo anayemsikiliza Siti kwenye santuri anasikia kazi iliyokatwa kwa kipimo cha mashine.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya plastiki ya vinili inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yenye uwezo wa kubeba muziki wa zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya inchi 7, ya mizunguko 45. Hiyo ndogo ndiyo iliyoenea sana Afrika Mashariki. Mjini Mombasa duka la Assanand & Sons lilitoa nyimbo nyingi za taarabu kwa nembo yake ya Mzuri, na Nairobi kulikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda chake kilichofanya kazi, hivyo bendi za Dar es Salaam zilirekodi redioni au zilitegemea Kenya ili nyimbo zao zitoke kwenye sahani.

Kisha ikaja kaseti. Ilikuwa nyepesi na rahisi, na kila mwenye redio-kaseti aliweza kunakili nyimbo mwenyewe. Santuri zikahamia makabatini na chini ya vitanda. Nyingine zilitupwa, nyingine wakapewa watoto wachezee, nyingine zikauzwa kwa wageni wanaotafuta vitu vya kale Mji Mkongwe.

Wageni hao walijua wanachokitafuta. Maktaba ya Uingereza jijini London imehifadhi santuri nyingi za zamani za Kiswahili, na mwaka 2007 baadhi yake zilitolewa upya na Topic Records katika mkusanyiko ulioandaliwa na mtafiti Janet Topp Fargion. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle, nayo ya London, ilianza kutoa mfululizo wa sahani za taarabu ya Zanzibar, zikiwemo za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905. Na mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja ambayo ilichapwa kwenye vinili. Karibu karne moja baada ya Bombay, nyimbo za Siti binti Saad zilirudi chini ya sindano.

Duniani kwa jumla santuri imefufuka kwa namna ambayo wafanyabiashara wengi hawakuitarajia. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987, milioni 41 dhidi ya milioni 33. Kwa upande wetu, Soko la Kenyatta jijini Nairobi lina kibanda kinachojulikana sana na wapenzi wa santuri, ambako mtu anaweza kukaa siku nzima akipekua sahani za zamani za Kenya, Kongo na Tanzania.

Anayetaka kuanza nyumbani Unguja anahitaji kwanza kujua ni sahani gani aliyonayo. Ikiwa ni nzito na lebo yake imeandikwa 78, hiyo ni shelaki. Ikiwa inapinda kidogo mkononi, ni vinili. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu mchirizi wa shelaki ni mpana na unataka sindano nene, karibu mara tatu ya ile ya vinili. Sindano nyembamba ikiwekwa juu ya santuri ya Siti inazama hadi chini ya mchirizi na kutoa mkwaruzo zaidi kuliko sauti. Vivyo hivyo, sahani ya vinili isiwekwe kamwe kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, kwani sindano yake ya chuma na mkono wake mzito huichimba na kuiharibu mara moja. Kwa shelaki gramafoni hiyo ni sawa, mradi sindano ya chuma ibadilishwe kila upande unapomalizika.

Jambo la pili ni umeme. Ndugu walioko ughaibuni hupenda kuleta mashine kutoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Transfoma inapunguza volti lakini haibadilishi mizunguko, na mashine nyingi za zamani hutegemea mizunguko hiyo kupima mwendo. Matokeo yake sahani ya 33 huzunguka kama mara 28, mwimbaji wa kike akasikika kama mwanamume mwenye usingizi. Ni salama zaidi kutafuta mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au la Bara Hindi, pamoja na amplifaya yenye tundu maalumu la santuri, maana sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu mno kwa spika za kawaida.

Gramafoni ya springi haina shida hiyo. Kisiwa cha Unguja kilipokosa umeme kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, redio za umeme na televisheni zilinyamaza, lakini mashine ya kuzungusha kwa mkono ingeweza kuimba usiku kucha kwa mwanga wa kandili.

Adui mkubwa wa santuri visiwani ni hali ya hewa. Joto hupindisha vinili, na unyevu wa masika huotesha ukungu ndani ya bahasha za karatasi. Kuta za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya maji, kwa hiyo kabati lisigusane na ukuta. Sahani zisimamishwe wima kama vitabu rafuni, mbali na dirisha la jua. Zikilazwa kwa rundo, za chini huvunjika au kupinda. Zishikwe kwa ukingo na kwa lebo, vidole visiguse michirizi. Vinili inaweza kufutwa kwa maji safi yaliyochujwa madini na tone la sabuni laini. Shelaki ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu na kukaushwa papo hapo, na isipakwe spiriti wala pombe yoyote, kwani huiyeyusha.

Mnunuzi naye asikimbilie jina la mwimbaji. Aiinue sahani kwenye mwanga, atazame nyufa zinazoanzia ukingoni, kisha asome lebo: nembo ya kampuni, namba, majina ya wapigaji. Mara nyingi maandishi hayo machache ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba mtu fulani aliwahi kupiga udi au dumbaki siku fulani.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimetunza barua za masultani na mabalozi. Sauti za watu wa Ng'ambo waliozaliwa bila kalamu mkononi zimebaki kwenye sahani, na sehemu kubwa ya sahani hizo iko London au mikononi mwa wakusanyaji wa mbali. Chache zilizobaki visiwani ziko majumbani, chini ya ulinzi wa wazee ambao baadhi yao hawajui thamani yake.

Basi msomaji mwenye bibi au babu Mlandege, Kikwajuni au Malindi aulize mwisho wa wiki hii kama kuna sanduku la santuri uvunguni. Likiwepo, lisiuzwe kwa mpita njia wa kwanza. Apige picha kila lebo kwa simu, aandike namba na majina, amwombe mzee aeleze ilinunuliwa wapi na ilipigwa kwenye sherehe gani, na atafute mwenye mashine ya kunakili sauti kabla sahani haijapasuka. Kisha aiweke kwenye mashine, aite na majirani, wasikilize pamoja.